Uchungu si kipimo: gome la kinkina na homa zetu

Jambo kwenu, wababa na wamama, na nyinyi vijana mliojibana kule nyuma. Kabla sijasema lolote, pokeeni hiki kipande cha gome mkipitishe. Nje ni kijivu chenye madoa meupe. Ukikivunja, ndani ni chekundu kama udongo wa Kabare. Kila mtu amegue kidogo atafune. Haya, yule wa mstari wa tatu amekwisha kutema. Tuanzie hapo hapo, kwenye huo uchungu.

Hiyo ni kinkina, mama wa kinini, dawa ya malaria. Wengi wenu mmekua mkiona miti yake inang'olewa na mizizi, inapigwa kwa nyundo za mbao mpaka gome linaachia, kisha linaanikwa juani na kupelekwa kiwanda cha dawa cha Pharmakina, hapa hapa Bukavu. Basi tunadhani ni mti wa babu zetu. Sivyo. Kwao ni milima ya Andes, pande za Loja, Ekuador ya leo. Huku umekubali kwa sababu na sisi tuko juu, kama mita 1500 pale ziwani na zaidi tukipanda, na mvua haitunyimi.

Shuleni tulifundishwa kwamba mke wa mtawala wa Peru, mama wa ukoo wa Chinchón, aliponywa homa kwa gome hili, akalipeleka Hispania kugawia maskini. Linnaeus, mtaalamu wa kuipa mimea majina, akaliamini hilo, na mwaka 1742 akaupa mti jina la huyo mama, tena akaangusha herufi moja njiani: Cinchona. Sasa hesabuni wenyewe. Mke wa kwanza wa mtawala yule alikufa 1625, mumewe hajakanyaga Peru. Wa pili alifia Cartagena 1641, akiwa safarini kurudi. Huo unga aliugawa saa ngapi?

Waliolibeba kweli ni Wajesuiti, ndugu za hawa mapadri wetu wa shule ya Alfajiri. Duka lao la dawa kule Lima lilikuwa mikononi mwa Bruda Agostino Salumbrino, naye alituma gome Roma, mji uliokuwa umezungukwa na mabwawa na mbu. Kufika 1649 Roma ilikuwa na karatasi ya maelekezo: unga wa dramu mbili, karibu gramu 7, ndani ya divai, unywe kutetemeka kunapoanza. Mimi ni mfamasia, na karatasi hiyo naiheshimu kuliko hadithi yote ya mama wa Chinchón, kwa sababu ina kipimo.

Ila kipimo kile kilikuwa na tundu. Gramu 7 za gome la mti huu si sawa na gramu 7 za mti ule. Kuna kinkina yenye kinini tele, na kuna nyingine inayochoma ulimi bure. Wafanyabiashara nao walichanganya magome ya miti mingine, mradi yawe machungu. Mgonjwa mmoja anapona, jirani yake anazikwa, na madaktari wanagombana miaka zaidi ya mia moja. Ni Paris, mwaka 1820, wafamasia Pelletier na Caventou walipoitoa kinini yenyewe ndani ya gome. Tangu siku hiyo unapima dawa, hupimi mti.

Nataka nikae kidogo na padri mmoja Mwingereza, Edward Stone, maana alifanya kile tunachofanya sisi kila siku. Alionja gome la mti unaoota kando ya maji, kwa Kifaransa saule, akashangaa: uchungu huu ni wa kinkina kabisa! Tena alijiambia, homa inatoka penye maji, basi na dawa yake itakuwa penye maji. Alilikausha, akalisaga, akawapa watu kama 50, na mwaka 1763 barua yake ikasomwa mbele ya wanasayansi wa London. Homa zilishuka kweli. Lakini gome lile haligusi kimelea cha malaria. Linatuliza joto na maumivu, basi. Ni ndugu wa aspirini, iliyotengenezwa Ujerumani 1897. Ulimi ulimdanganya, na udanganyifu wake ukazaa dawa nyingine. Si kila mtu anabahatika hivyo.

Manuel Incra Mamani hakubahatika. Huyo ni Mwaymara wa Bolivia aliyejua, kwa kuutazama tu, mti upi una nguvu. Alingoja miaka mpaka baridi kali iache kuua maua, akampelekea mbegu Mwingereza Charles Ledger mwaka 1865. Waholanzi wakazinunua, wakazipanda Java, na baadaye kisiwa hicho kikatoa sehemu kubwa mno ya kinini ya dunia. Mti ukaitwa Cinchona ledgeriana. Mamani alifungwa, akapigwa, akafa 1871. Jina lake halimo hata kwenye jani.

Machi 1942 Wajapani wakaichukua Java. Majeshi yaliyokuwa yakipigana nao yakabaki bila kinini, na ghafla kinkina ya Kivu ikawa mali. Baada ya vita klorokwini, dawa ya kutengenezwa maabarani, ikaisukuma pembeni, mpaka miaka ya 1980 palu, yaani malaria, ilipoizoea klorokwini huku kwetu. Tukarudi kutundikiwa serumu ya kinini, masikio yakivuma kama mzinga wa nyuki. Mnaukumbuka ule mvumo. Leo malaria kali inatibiwa kwanza kwa sindano ya artesuneti.

Lakini gome bado linauzwa. Juzi pale sokoni Kadutu nilimuuliza mama mmoja analichemshaje. Akanicheka: «Mutoto wangu, unatia tu, mpaka maji inakuwa kali.» Kali kiasi gani, mama? «Kali!» Ndiyo Stone yule yule. Kinini ikipungua, kimelea kinabaki. Ikizidi, inashusha sukari ya damu, inavuruga moyo, na wapo waliopoteza macho. Sufuria haikuambii uko upande gani.

Naona kipande changu kimerudi mezani, kimebaki nusu. Aliyetia ile nyingine mfukoni simkasirikii. Kama kuna mtoto ana homa nyumbani, anifuate pale mlangoni. Kipimo cha kutoboa kidole ninacho kwenye mfuko.