Dakika 10 Mbele ya Jopo

Itifaki imezingatiwa. Naona mnacheka, lakini nimeanza hivyo makusudi. Nimewahi kukaa kwenye jopo la usaili wa kazi, msailiwa akamsalimia mwenyekiti, wajumbe mmoja mmoja, katibu, mpaka aliyeleta maji. Alipewa dakika 10. Alipomaliza salamu zilibaki 8.

Wengi wenu mnazitaka nafasi za kuanzia kufundisha vyuo vikuu, zile mnazoziita TA, ambazo shahada ya kwanza inatakiwa kuwa na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.8 kwenda juu. Mara nyingi ukishavuka mtihani wa mchujo, unaambiwa uandae mada uje ufundishe, wanajopo wakiwa ndio wanafunzi wako.

Kosa linaanzia hapo. Mtu anaambiwa afundishe, yeye anakwenda kuthibitisha kwamba amesoma. Ndugu zangu, kwamba umesoma cheti kimekwisha kusema, ndicho kilichokuitisha. Wanachotaka kuona ni kama mtu aliyeingia hajui atatoka anajua.

Tuchukue uchumi, mada ya unyumbufu wa mahitaji, yaani bei ikibadilika, watu hubadili ununuzi wao kwa kiasi gani. Msailiwa wa kawaida ataanza na fasili, aje kwa mwanauchumi Alfred Marshall na kitabu chake cha mwaka 1890, kisha kanuni, kisha aina tano. Dakika zimekwisha na hakuna aliyenyumbuka.

Sasa msikilize mwingine. "Chumvi ikipanda bei kesho, mtaacha kuitia kwenye mchuzi?" Hakuna. "Na soda je?" Hapo watu wanatazamana. Anaandika ubaoni: tuseme soda imepanda bei kwa asilimia 10, muuzaji akajikuta anauza pungufu kwa asilimia 20. Gawanya 20 kwa 10, unapata 2. Ikizidi 1, mahitaji yananyumbuka; mahitaji ya chumvi huwa chini ya 1. Mhandisi aliyemo kwenye jopo, ambaye hajasoma uchumi hata siku moja, sasa anaweza kukuambia kwa nini serikali hupenda kutoza kodi vitu ambavyo watu hawawezi kuviacha.

Ataandaaje hivyo? Aanzie mwisho. Kabla ya kufungua kompyuta, andika swali moja utakalowauliza wanajopo dakika ya tisa, ambalo walipoingia wasingeweza kulijibu. Kisha kila unachotaka kukiweka, kiulize: kinawasaidia kulijibu? Marshall hasaidii, atoke. Inauma, najua, maana umemsoma usiku kucha.

Mimi sikumtoa mtu. Usaili wangu wa kwanza nilikwenda na slaidi 24 kwa dakika 10. Pigeni hesabu: sekunde 25 kila moja. Nilikuwa slaidi ya 9, bado naeleza usuli, mwenyekiti akasema, "Asante, muda umekwisha." Kazi sikupata, na sikuwa na wa kumlaumu.

Mazoezi, basi. Kusoma kimoyomoyo si mazoezi, macho hukimbia kuliko mdomo. Simama, sema kwa sauti, simu ikihesabu, mbele ya mtu asiyesoma fani yako. Mdogo wako wa kidato cha pili anafaa sana, kwa sababu akichoka hatakuficha. Lenga dakika 8. Siku yenyewe kutakuwa na projekta inayogoma.

Kuhusu vifaa sitakaa sana. Slaidi ziwe pia katika PDF, ndani ya flashi na kwenye barua pepe. Beba maka peni yako na nakala chache za karatasi. Umeme ukikatika, geukia ubao uendelee, wala usiombe radhi kana kwamba wewe ndiye TANESCO.

Yatakuja maswali. Usilolijua sema hulijui, halafu useme ungeanzia wapi kulitafuta. Ukibabaisha, kwenye jopo yupo anayelijua somo lile kuliko wewe, na atakuacha uendelee kuzama.

Haya, tusimalize saa kwa maneno yangu. Wewe wa shati la bluu, njoo mbele. Dakika 10, mada unayoipenda. Hapana, kompyuta iache hapo hapo.