Shingo Isiyolala

Mniwie radhi, nianze na kinyozi. Nani hapa, akishanyolewa, hajashikwa kidevu akageuzwa shingo mpaka ikaalika "ka!"? Mnacheka. Tutarudi kwake.

Maumivu ya shingo kwa sehemu kubwa si kansa. Ni misuli: umelala vibaya, umeinamia simu, umebeba ndoo. Hayo hupoa yenyewe baada ya wiki chache. Ninayoyaogopa ni yale yasiyojua mapumziko. Mtu kabadilisha mto, kahamia kwenye kochi, na saa nane za usiku yumo kuegemea ukuta. Wiki ya sita hiyo, na diklofenaki, ile dawa ya maumivu, imekwisha kumchoma tumbo.

Shingo ina pingili 7 za mfupa. Kansa ni nadra kuanzia hapo. Mara nyingi huletwa na damu kutoka kwenye titi, tezi dume, mapafu au figo. Iko pia mayeloma, kansa ya kwenye uboho wa mifupa. Sasa mtazame mama aliyetibiwa titi miaka mitano iliyopita akapona. Kwake habari za titi zimekwisha, na shingo ni mambo ya shingo. Anakwenda kuchuliwa. Daktari naye asipoambiwa, ataandika dawa ya maumivu tu. Mwambieni, hata asipouliza!

Eksirei isiwatulize mno. Mfupa unaweza kuliwa karibu nusu kabla picha ya kawaida haijaonyesha kitu. Ndiyo maana mnaagizwa MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, na ghali ndiyo, najua. Si lazima iwe kansa. Kifua kikuu nacho hula pingili, na kina dawa.

Haya, kinyozi. Pingili iliyoliwa ikizungushwa kwa nguvu huweza kuvunjika, na humo ndani ndimo unamopita uti wa mgongo, ule mshipa mkuu wa fahamu. Ukiona mikono ina ganzi, vifungo vya shati vinakushinda, miguu inalegea au mkojo umegoma, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usingoje Jumatatu.

Bwana wa nyuma ameuliza uvimbe wa pembeni mwa shingo usiouma. Huo usiouma ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Ukipita wiki tatu, na hasa sikio moja likiziba au pua ikitoka damu, mwone daktari wa masikio, pua na koo. Kansa ya nyuma ya pua huweza kujitangaza hivyohivyo, shingoni kwanza.