Singeli Inaishia Wapi?

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie vijana, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie mpaka wa singeli, muziki wetu wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam: wimbo gani uko ndani, upi uko nje, na nani mwenye haki ya kusema hivyo. Tangu nafika nimesikia mkibishana hapo nyuma kama wimbo fulani wa bongo fleva ni singeli au siyo. Nitaufikia.

Kigezo kinachotajwa kuliko vyote ni kasi. Singeli hupiga midundo 200 hadi 300 kwa dakika, wakati hausi, muziki wa dansi wa Chicago, inatembea kwenye 120 na ushei. Wageni wakiisikia kwa mara ya kwanza hiyo kasi ndiyo inayowashika, na sisi wenyewe tumeanza kuirudia kana kwamba ndiyo maana nzima ya singeli. Siikubali. Vijana wa Rotterdam, Uholanzi, walikuwa wanapiga muziki wao wa gaba kwa midundo 180 na zaidi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Ulaya wapo waliovuka hata 300. Hao wote tuwaite wanasingeli? Tena zipo singeli zilizopunguzwa mwendo ili maneno yasikike redioni, na hakuna mtu wa Manzese, huko uswahilini Dar es Salaam, anayezikana.

Turudi ilikotoka. Kabla ya singeli Dar es Salaam ilikuwa na mchiriku, wengine wakiuita mnanda: ngoma, kinanda kidogo cha Casio, vipaza sauti vinavyokwaruza, na mwimbaji anayesema ya mtaani bila kupepesa. Pembeni yake kulikuwa na vigodoro, zile sherehe za kukesha barabarani. Hapo madijei walichukua vipande vya vinanda vya taarab ya kisasa, wakavikata, wakavirudiarudia, wakavipandisha kasi. Na MC akashika kipaza sauti akaanza kuchana mistari: akataja wenye shughuli, akasema ya mapenzi, ya pesa, ya wambea, huku watu wakicheza mpaka alfajiri. Kipande hakibadiliki na MC hanyamazi. Kwangu mimi singeli imo humo: biti ya kipande kifupi kinachojirudia bila kupoa, na ndani yake nafasi iliyoachwa kwa ajili ya mdomo wa mtu.

Najua mtaniuliza juu ya biti zisizo na MC. Ni swali zito, na ndilo lililonisumbua kuliko yote. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ikatoa albamu ya Bamba Pana iitwayo Poaa. Sehemu kubwa ya albamu hiyo ni biti tupu, na wapo wanaosema hapo singeli imekwisha, kilichobaki ni muziki wa klabu za Ulaya. Lakini tazameni majina ya vipande vyenyewe: Biti Three, Biti Six. Prodyuza wa mtaani anazipa namba biti zinazosubiri mchanaji. Ukizisikiliza utakuta kinanda kinajirudia vilevile, na katikati pana uwazi ambao MC akiingia haongezewi wala kupunguziwa kitu. Kiti chake kipo. Kwa hiyo ziko ndani, na nitalisema hilo mbele ya yeyote.

Kuhusu nani mwenye haki ya kusema, kisa cha Detroit, Marekani, kinafaa hapa. Mwaka 1988 Neil Rushton, Mwingereza, alikuwa anaandaa mkusanyiko wa muziki wa vijana Weusi wa mji ule, na jina lililokusudiwa lilikuwa The House Sound of Detroit. Juan Atkins, mmoja wa wanamuziki hao, akaleta wimbo wake uitwao Techno Music, na jina la mkusanyiko likageuzwa: Techno! The New Dance Sound of Detroit. Santuri ilitolewa Uingereza, lakini jina lilitoka kwa mwenye muziki. Nasi tuwe na uthubutu huo. Wageni wametusaidia kuisafirisha singeli, na nawashukuru kwa dhati, ila kuieleza ni kazi yetu.

Sasa bongo fleva. Msanii akichukua ngoma za singeli, kisha biti ikasimama ili aimbe kibwagizo kwa sauti laini, ikapanda tena, ikasimama tena, huo kwangu ni bongo fleva iliyoazima ngoma. Unaweza kuwa wimbo mzuri sana. Kwa Msaga Sumu, mwimbaji wa singeli, kibwagizo kipo pia, lakini biti haimsubiri. Anakipachika juu ya mwendo uleule na safari inaendelea. Sijali msanii amezaliwa Tandale, Kampala au Leeds. Aliyeiacha nafasi ya MC na kukilinda kipande kisipoe, namhesabu ndani, hata kama hajawahi kukesha kwenye kigodoro.

Huo ndio mpaka wangu. Fundi mitambo ameniambia tuna dakika ishirini za spika, basi mwenye wimbo anaoamini unakivunja kigezo hiki auweke, tuusikilize wote mpaka mwisho, kisha tubishane.