Umeipokea kwa nani?

Assalaam alaykum. Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo?

Hapa Tanga ni nani aliyekua bila kuambiwa kwamba mapango ya Amboni yanatokea Mombasa? Mimi niliambiwa na mjomba, akaongeza kwamba mbwa aliingia Amboni akaja kuonekana Kilimanjaro. Nikawa mwalimu, nami nikawahadithia wanafunzi vilevile, miaka nenda miaka rudi. Kumbe mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na Kituruki waliyapima: pango refu kuliko yote lina mita 900 hivi. Mombasa iko zaidi ya kilomita 100. Mjomba hakuwa mwongo. Naye alihadithiwa.

Tuna msemo: akili za kuambiwa, changanya na zako. Lakini hizo "zako" zinapatikanaje? Hilo hatufundishani. Kikwazo ni adabu. Tumelelewa kwamba mkubwa akisema, mdogo huitikia, ukimuuliza mzee "umejuaje?" umemvunjia heshima. Nalipinga hili kwa nguvu zangu zote, na ushahidi wangu nautoa madrasa.

Wanazuoni wa hadithi, yaani habari za maneno na matendo ya Mtume, hawakupokea maneno hivihivi. Hadithi ina matini, yaani maneno yenyewe, na ina isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwa Mtume. Kila jina katika mnyororo ule lilichunguzwa. Aliwahi kukutana na huyo anayesema kapokea kwake? Kumbukumbu yake ikoje? Ni mkweli? Mcha Mungu anayekesha akisali aliweza kukataliwa riwaya yake, yaani habari aliyoisimulia, kwa kuwa tu ni msahaulifu. Hapa ndipo ninapowavulia kofia: walitenganisha wema wa mtu na uhakika wa habari yake. Mtu mwema anaweza kukosea, na kumuuliza si kumtukana. Ikiwa maneno ya dini yalihojiwa hivyo, ya jirani yana nini hata yasihojiwe?

Tena mtazame msimuliaji anapata nini. Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa askari wapatao 8,000, wengi kutoka India, wakashindwa na jeshi la Wajerumani la watu 1,000 hivi. Katikati ya mapigano nyuki walitibuka, wakauma huku na huku, wa pande zote mbili. Baadaye Uingereza ikaenea habari kwamba Wajerumani waliwatega nyuki wale makusudi. Aliyepigwa na jeshi dogo anaihitaji sana habari ya namna hiyo. Si kila anayefaidika na habari anadanganya, ila hapo ongeza swali moja.

Lakini sikuja hapa kwa ajili ya nyuki. Jirani yangu, mama mtu mzima mwenye ugonjwa wa sukari, alitumiwa sauti kwenye WhatsApp: daktari anasema kuna mbegu ukizitafuna sukari inakwisha, sindano uziache. Akaziacha. Tulimkimbiza hospitali usiku, hajitambui. Mungu akatusaidia, akarudi.

Nilimuuliza mwanawe sauti ile ilitoka wapi. Kwa shangazi. Shangazi kaipata kwenye grupu la harusi. Aliyeiweka kwenye grupu kaipata kwa rafiki yake, na rafiki hakumbuki. Na daktari mwenyewe? Hana jina, hana hospitali, hana mji. Wote wale wanampenda mama yule kwa dhati, nimewaona wakilia pale wodini. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuliza.

Leo anachoma sindano zake. Sauti ile bado inazunguka. Juzi imenifikia mimi, kutoka kwa dada yangu mkubwa. Nikamwandikia: "Shikamoo dada. Ahsante kwa kunijali. Hii umeipokea kwa nani?" Akanipigia simu. Tukaanza kuifuata nyuma pamoja, jina kwa jina. Tulifika majina matatu, kisha njia ikakatika. Naye akaifuta, akampigia aliyemtumia.