Nyota Huanzia Kwenye Uzi

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Kabla sijasema mengi, naomba mtazame birika hili. Namimina maji taratibu. Karibu na mdomo wa birika yanatoka kama uzi mmoja laini. Sasa teremsheni macho hadi kwenye beseni: uzi umekatika, yamekuwa matone, na nafasi kati ya tone na tone zinakaribia kulingana. Hakuna mkono uliokata.

Shikeni picha hiyo, maana nataka tuiache ile tuliyofundishwa shuleni, ya wingu la mviringo linalojikusanya kutoka pande zote hadi likawa nyota. Darubini ya Herschel, iliyorushwa na Shirika la Anga la Ulaya Mei 2009, ilipochungulia mawingu baridi ya gesi na vumbi ilikuta nyuzi kila mahali. Na vile viini vinavyoelekea kuwa nyota, vingi vimepangana juu ya nyuzi hizo kama shanga.

Maji haya hukatwa na mkazo wa uso wake, ile nguvu inayoyavuta yajikunje kuwa matone. Kule angani kinachokata ni uvutano, kani ileile inayoangusha embe. Unaopingana nao ni msukumo wa gesi yenyewe, ambayo imepoa hadi nyuzijoto 263 chini ya sifuri.

Hapa ndipo panaponishika kuliko pote. Mwaka 1964 mwanaastronomia Jeremiah Ostriker alipiga hesabu ya gesi yenye umbo la silinda ndefu na joto lisilobadilika. Ubane uzi huo hadi ubaki nusu ya unene wake: uvutano kuelekea katikati unaongezeka maradufu, na msukumo wa gesi nao unaongezeka maradufu. Wako sare palepale. Kumbe unene hauamui! Kinachoamua ni uzito uliomo katika kila kipande cha urefu. Kwa baridi niliyoitaja, kikomo ni kama uzito wa majua 5 kwa kila mwaka wa nuru, yaani umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja. Chini ya hapo uzi unajimudu. Ukizidisha, hata ubanwe vipi hauipati tena mizani. Unaporomokea katikati yake na kukatika viini. Mpira wa gesi hauna tabia hii, na ndiyo maana nasema umbo si jambo dogo.

Uzi hupataje uzito wa kuvuka kikomo? Kilimia mnakijua, wazee wetu walikitazama kujua majira ya kulima. Mashariki yake kidogo, umbali wa miaka ya nuru kama 450, upo uzi uitwao B213. Herufi B ni ya Edward Emerson Barnard, aliyetumia miaka mingi kupiga picha sehemu nyeusi za anga. Uzi huo umepita kikomo zaidi ya mara 3, na bado unalishwa: michirizi myembamba, iliyolala kufuata uga wa sumaku, inauingia kwa ubavuni kama vijito viingiavyo mtoni. Mwanaastronomia Alvaro Hacar na wenzake walipopima kasi ya gesi yake, mwaka 2013 walitangaza kwamba ndani yake mna nyuzi ndogo 35. Ni kamba ya usumba, ukiikaribia unaona makumbi yaliyosokotwa.

Tufike nchani. Gesi iliyo katikati ya uzi inavutwa kushoto na kulia sawasawa, basi inatulia. Iliyo nchani inavutwa upande mmoja tu, na uzi mzima. Kwa hiyo ncha ndizo hukimbilia ndani kwanza, zikizoa gesi njiani. Uzi wa Musca, kwenye kundinyota la Nzi, unaelekea kutuonyesha hilo: katikati bado kimya, mkusanyiko umeanzia miishoni.

Mwaka 2018 watafiti Aris Tritsis na Konstantinos Tassis walitoa hoja kwamba Musca si uzi, ni kama karatasi tunayoiona kwa ukingo wake. Hoja nzito, lakini vipimo vya kaboni monoksidi vilivyofuata vinaonyesha gesi iliyosongamana kuliko ambavyo karatasi ingekuwa nayo, nami naegemea kwamba ni uzi. Mwezi Mei, mbali na taa za mji, tafuteni Msalaba wa Kusini, kisha shusheni darubini ya mkononi kidogo kuelekea kusini. Mtaona mstari mweusi mwembamba, nyota za nyuma zimezibwa. Ndio huo.