Hamri Lisilofura

ATHMAN: Haya, tushaanza, naona inarekodi. Asalaam aleikum nyote, tuko pale pale Kibokoni, Mombasa, ukisikia tuktuk ujue dirisha liko wazi maana joto la leo halisemeki. Mwandishi wetu Mwanaisha yupo, na wale mlionipigia simu mkiuliza mbona hapatikani mitandaoni, mwenyewe huyu hapa.

MWANAISHA: Nipo. Nilifuta akaunti zangu zote tatu za mitandao Jumatano usiku, basi. Wasap nimebakisha kwa sababu ya mamangu na kikundi cha mtaa.

ATHMAN: Miaka 11 umekuwa huko.

MWANAISHA: Miaka 11, na hadithi zangu za mwanzo watu walizisomea huko, sikatai. Lakini wiki hii nilikuwa naamka nashika simu hata sijanawa uso, nasoma watu wanatukanana kwa jambo langu, halafu nikikaa kuandika, kila sentensi nawajibu wao. Mhusika hajafungua mdomo nishaanza kumtetea. Siwezi kuandika hivyo.

ATHMAN: Waambie jambo lenyewe.

MWANAISHA: Wajua ile hadithi yangu ya mama wa baharia, kurasa 9. Vijana wa hapa hapa wakaniomba waifanye filamu fupi, nikawapa bure na kwa moyo mmoja. Imetoka dakika 14. Sasa kwenye hadithi mama yuko jikoni alfajiri, hamri la kwanza halifuri. Analimwagia mafuta moto juu kwa upawa, halifuri. La pili vilevile. Hapo ndipo anajua mwanawe ana jambo, hata mtu hajabisha hodi. Kwenye filamu sasa...

ATHMAN: Mandazi.

MWANAISHA: Mandazi ya duka, Athman! Yashakaangwa! Yanatiwa kwenye karai yakiwa kahawia tayari!

ATHMAN: (anacheka) Nilijua leo hatutoki kwenye karai hili. Jamani tulipanga mambo matatu ya kuwaambia waandishi, mtu akija kukuomba kitabu chako afanye filamu, mkataba uweje...

MWANAISHA: Tutafika. Hamri si andazi. Hamri lina tui zito, lina iliki, unakanda unaliacha liumuke, unasukuma, unakata pembe nne, na likiingia kwenye mafuta linafura lenyewe, ndani panabaki patupu. Ule utupu ndio hadithi yangu! Mama anafungua hamri lisilo na nafasi ndani.

ATHMAN: Ulimuuliza yule kijana aliyeiongoza filamu kwa nini?

MWANAISHA: Nilimuuliza kabla ya zogo. Akaniambia walikuwa na unga kilo moja. Na hamri likishafura halirudi, ukitaka kurudia picha wataka jingine, bichi, na wao ile picha waliirudia mara 7 kwa sababu ya kivuli cha kamera ukutani. Donge likaisha. Mtu akatumwa dukani.

ATHMAN: Waona sasa. Huyo hakupuuza kitabu chako, aliishiwa na unga. Halafu mimi niseme ukweli wangu, ile redio mle ndani kwangu imefanya kazi ya hamri. Yule mama anasikiliza redio, stesheni inapotea, inabaki ile shhhh, na yeye haizimi. Anaendelea kukaanga na ile shhhh. Mimi nywele zilinisimama.

MWANAISHA: Redio ni nzuri. Lakini redio yaweza kuwa ya mama yeyote popote. Hamri ni la mama wa hapa.

ATHMAN: Lakini hamri la kitabuni nalielewa kwa sababu umeniambia mama anawaza nini. Kwenye filamu nani ataniambia? Nitaona tu hamri bapa, nitasema huyu hajui kupika.

MWANAISHA: Mtu wa Mombasa ataelewa.

ATHMAN: Wa Kisumu je? Tazama Vuta N'kuvute. Kitabu cha Shafi Adam Shafi, 1999, filamu ya Amil Shivji, 2021, miaka 22 katikati. Riwaya nzima ya Yasmin na Denge, na Zanzibar yote ile ya ukoloni, ataitia wapi kwenye filamu moja? Lazima achague.

MWANAISHA: Achague, sikatai. Mimi Denge wangu alikuwa na sauti yake kichwani tangu nilipokisoma, nikaona filamu, wa kwangu akanyamaza mpaka leo. Sisemi vibaya. Nasema anayechukua kitabu anachukua pia kitu kwa msomaji, basi achukue kwa adabu.

ATHMAN: Adabu. Haya, tuzungumze adabu. Nani aliyeanza kuandika lile la mandazi?

MWANAISHA: Mimi.

ATHMAN: Sentensi moja.

MWANAISHA: Sentensi moja, "mamangu hakaangi mandazi ya duka." Sikumtaja.

ATHMAN: Wafuasi wako wakamtafuta, wakamtukana yeye na mamake, kijana wa miaka 21, filamu yake ya kwanza. Na wewe Jumatano ukafuta ukaondoka. Yeye bado yuko mle, Mwanaisha. Ungeandika moja tu, "muacheni, mimi nimempa baraka," halafu ndio ufute.

MWANAISHA: Ningeandika hiyo wangepata la kubishania siku tatu zaidi. Ule moto ulikuwa unakula maneno yangu, nikaunyima.

ATHMAN: Umeunyima maneno yako wewe tu. Yeye moto unamuunguza mpaka leo.

MWANAISHA: Sikubali.

ATHMAN: Na mimi sikubali.

(kimya)

MWANAISHA: Alinitumia voisi Alhamisi. Sekunde 11. "Shikamoo Bi Mwanaisha, samahani kwa mahamri." Nyuma kuna mtu anaosha vyombo.

ATHMAN: Umemjibu?

MWANAISHA: Bado. Kila nikibonyeza kurekodi nasikia naanza kumwelezea tui.

ATHMAN: Usimwelezee tui.

MWANAISHA: Basi nimwambie nini, kwamba sawa? Si sawa, ile picha si sawa, na namheshimu vya kutosha kutomdanganya.

ATHMAN: Kumwambia amesamehewa si kumdanganya.

MWANAISHA: Kwangu ni kumdanganya.

ATHMAN: Haya, hiyo adhana ya Magharibi, na hatujagusa mkataba hata mmoja. Mambo matatu yote yabaki wiki ijayo. Mwanaisha, watu watakupata wapi?

MWANAISHA: Hapa. Ijumaa hadi Ijumaa.

ATHMAN: Zima basi, twende.