Kwenda Kuwatazama: Mjane, Yatima na Kikao cha Ukoo

Bwana Yesu asifiwe! Wazee wa kanisa, mama zangu wa vikundi, asanteni kwa kunikaribisha.

Yakobo anasema dini iliyo safi ni "kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao". Mimi hukwama kwenye neno la kwanza: kwenda. Siku ya maziko tunakwenda kweli. Tunaimba, tunapika, tunachanga. Kisha matanga yanaondolewa, turubai linakunjwa, tunarudi makwetu. Mjane anabaki na ndugu za mume, na ndipo kikao cha ukoo kinapokaa. Dhiki inaanza hapo, nasi hatupo.

Nilikaa na mama mmoja huku kwetu Kagera, mjane wa miezi mitatu. Kanisa lilikuwa limempelekea sukari, sabuni na mchele, akashukuru. Lakini kibanja alichokipalilia miaka kumi na tisa kilikuwa kimekwisha kugawanywa, naye kikaoni hakuulizwa neno. Akaniambia, "Mwanangu, chai ya sukari hii nitainywa kwenye nyumba ya nani?"

Tusimlaumu shemeji peke yake. Tangazo la sheria za mila la 1963 liliweka kwamba mjane hana sehemu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; sehemu yake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2015, kamati ya Umoja wa Mataifa inayopinga ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua, katika shauri la wajane wawili wa Tanzania, kwamba kanuni hizo zilikiuka haki zao. Lakini kikao cha ukoo hakisomi maamuzi ya Geneva.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa kanisa lina kitu mkononi. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Marehemu aliyeishi maisha ya Kikristo, mirathi yake inaweza kuamuliwa kwa sheria ya urithi ya India ya 1865, ambayo ilirithiwa na mahakama zetu. Huko mjane mwenye watoto hupata theluthi moja, watoto theluthi mbili, na shauri hufunguliwa katika mahakama iliyo juu ya Mahakama ya Mwanzo. Mahakama huangalia marehemu aliishije: alifunga ndoa wapi, alibatiza wapi watoto, alizikwaje. Nani ayajuaye hayo kuliko mchungaji na mzee wa jumuiya? Na mara ngapi tumenyamaza, mjane akapelekwa Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao alioandikiwa na wengine?

Kuhusu yatima nitasema machache. Tunapenda kujenga kituo, kwa kuwa kituo kinaonekana. Mtoto mwenye bibi anahitaji bibi yake ashikwe mkono. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa 2016, ila sare, madaftari na chakula vinamwelemea bibi yuleyule. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake, lakini atajulikanaje ni mtoto wa nani bila cheti cha kuzaliwa? Kumfuatilia cheti RITA, wakala wa serikali wa usajili, ni huduma ya kanisa, sawa na kwaya.

Isaya ametuagiza: "mpatieni yatima haki yake, mteteeni mjane." Kutetea hufanywa kwa mdomo, mbele za watu. Kwa hiyo naomba kila jumuiya ichague wawili, mwanamume na mwanamke, ambao mjane akiridhia wataketi naye kikaoni. Wasiende kugombana na ukoo. Waketi, waandike kinachosemwa. Nimeona sauti zikishuka mara daftari linapofunguliwa.

Yule mama niliyemtaja, cheti chake cha ndoa kilitoweka sandukuni siku za msiba. Tulipata nakala kwa sababu katibu wa usharika alikuwa ametunza rejesta ya ndoa. Mkitoka hapa, ulizeni funguo za kabati lenu la rejesta anazo nani.